Paneli ya Mfaume na Mawingu ya Rondo

Nyinyi vijana mnaopanda mapaa ya watu mkiwa na paneli begani, kaeni kwanza kivulini, mnywe maji, mnisikilize kabla bisibisi hazijapata moto. Mimi nimefunga umeme wa jua kutoka Kilwa Masoko hadi Nyangamara, na kama si kuogopa dhambi ya kujisifu, ningesema jua la mkoa huu lilikuwa haliwaki mpaka lione nimeamka. Sasa magoti yamestaafu kabla ya mwenyewe. Nikishika ngazi siku hizi, walio chini huanza kunisomea dua.

Najua mnanicheka. Mnanicheka kwa sababu nikipima paneli, naipima mara mbili: kwanza ikiwa wazi juani, halafu naifunika kanga nyepesi na kuipima tena. Mmenipa na jina, Fundi Kanga. Mmoja wenu aliuliza kwa nini namnunulia mteja paneli ya kupokea jua halafu naivisha nguo kama bibi harusi. Nilicheka naye. Jibu sikulitoa siku ile, kwa kuwa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hajaniruhusu.

Nianzie shuleni, maana na mimi nilisoma, msinione hivi. Mchana nilikuwa nabeba magunia ya korosho Lindi mjini, jioni naingia shule ya watu wazima nikiwa na vumbi la korosho mpaka kwenye kope. Darasani tulikuwa mchanganyiko wa kila aina: mama lishe, dereva wa lori, mzee mmoja aliyekuwa akisinzia kwa sauti kubwa hata madirisha yakitikisika. Mwenzangu wa benchi moja alikuwa Mfaume, mtoto wa juu kule kwenye uwanda wa Rondo, fundi redio. Kichwa chake kilikuwa chepesi. Mimi hesabu nilikuwa naisukuma kama mkokoteni uliokwama mchangani. Yeye alikuwa anaipita tu, anageuka, ananisubiri.

Mwalimu wetu wa fizikia aliitwa Mwalimu Rukia. Mama mfupi, mkali, na kamba ya katani mkobani. Siku aliyotufundisha habari za elektroni ndani ya fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga safu kwa safu, alifunga ncha moja ya kamba kwenye bawaba ya mlango, ya pili kwenye mguu wa meza, akaichezesha. Kamba ikatoa tumbo moja. Akaongeza kasi, yakatoka matumbo mawili, kisha matatu. Akatuuliza kwa nini halitoki tumbo moja na robo. Dereva wa lori akasema kamba imechoka. Mwalimu akasema hapana, ni kwa sababu ncha zimefungwa. Mahali palipofungwa wimbi halina ruhusa ya kucheza, kwa hiyo mawimbi yasiyokubaliana na ncha zile hayapati maisha. Hayo ndiyo masharti ya mpaka. Elektroni nayo, akasema, ndani ya fuwele ya silikoni hukaa kama wimbi, na ukitaka kujua mawimbi gani yanaruhusiwa, lazima kwanza useme mpakani kuna nini.

Mimi mpaka siku ile nilidhani elektroni ni aina ya chawa. Msicheke, hata nyinyi kuna mnachodhani.

Kisha akafungua kamba, akaunganisha ncha mbili ikawa duara. Akatwambia kwamba wataalamu, wakitaka kuhesabu mawimbi yaliyo ndani ya fuwele, hujifanya fuwele haina mwisho: upande wa kulia umeungana na wa kushoto, na wimbi likizunguka lazima lirudi lilivyoondoka. Ni ujanja wa hesabu, na ni ujanja mzuri, kwa kuwa fuwele ina atomi nyingi mno na zilizo ukingoni ni chache mno. Hesabu ya ndani hainuni ukizisahau. Mfaume aliupenda ujanja ule kupita kiasi. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akiuchora hewani kwa kidole, watu wakidhani anawapungia.

Tulipomaliza, tukaingia kazi ya sola pamoja. Wakati huo ilikuwa ngeni. Kazi kubwa haikuwa kufunga, ilikuwa kuwaeleza watu. Kilwa chumvi ya bahari ilikuwa inakula nati zetu kama mtoto anavyokula kashata. Ndipo tukajifunza kupaka grisi kila unganisho na kurudi kulikaza kila baada ya masika. Kule kwenye mabanda ya kukaanga korosho, moshi ulikuwa unaacha utando wa mafuta kwenye kioo, na ukiufuta na kitambaa kikavu unauchora tu. Sabuni ya unga na maji alfajiri, kioo kikiwa baridi, basi. Huko bara kidogo, bibi mmoja alilalamika umeme wake unakufa kila mchana. Nikapanda paa nikiwa na mita, vifaa, na maneno makubwa ya Mwalimu Rukia kichwani. Nikakuta ameuanika muhogo wake wote juu ya paneli. Nilipomwambia, akanijibu kwa upole kwamba pale ndipo mahali safi na pa moto kuliko pote nyumbani, sasa nilitaka aanike wapi? Nikakusanya vifaa vyangu nikashuka. Nimefanya kazi na wahandisi wenye vyeti vya kufunika ukuta, hakuna aliyenishinda kwa hoja kama bibi yule.

Haya. Ya kuchekesha yanaishia karibu na hapo.

Mfaume alikuwa na dada mmoja tu, Somoe. Wenyeji wa kule mnajua kaka ni nani kwa dada yake. Watoto wa dada ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayesimama wakizaliwa, wakitahiriwa, wakiolewa. Somoe alikuwa ameshapoteza mimba, na ile aliyokuwa nayo mwaka ule Mfaume aliihesabia kila mwezi kuliko hata mume wake. Zahanati ya kijijini kwao ilikuwa na friji ndogo ya sola, na ndani ya friji, pamoja na chanjo, mlikuwa na sindano ya kukaza kizazi, ile wanayochomwa wazazi ili damu isimwagike baada ya mtoto kutoka. Dawa ile haitaki joto. Ikipata joto haigeuki rangi, haitoi harufu. Inapungua nguvu kimyakimya.

Basi, tawi la mkorosho likaanguka na upepo likavunja paneli za zahanati. Nesi Zainabu, aliyekuwa akiiendesha zahanati ile karibu peke yake, aliripoti wilayani. Akaambiwa asubiri, zitaletwa. Masika yalikuwa yanakaribia, na Somoe alitarajiwa kujifungua ndani ya masika, wakati ambao barabara ya kushuka Mingoyo inakuwa uji. Mfaume hakuweza kusubiri.

Alikuwa na boksi la seli tupu, zilizobaki kwenye mradi uliokufa. Nyinyi mmezoea paneli zilizokamilika, seli yenyewe pengine hamjawahi kuishika. Ni bamba jembamba la fuwele ya silikoni, jepesi kama ganda la kitunguu, ukilipumulia vibaya linapasuka. Kila seli, iwe kubwa au ndogo, hutoa karibu nusu volti. Ukubwa unaongeza ampea tu. Friji ilitaka volti ambazo seli nzima zilizobaki zisingezifikia. Nyingi zilikuwa zimevunjika pembe. Mfaume akaenda kwenye duka la vioo la Mzee Akbar pale Lindi, akaazima almasi ya kukatia vioo, akaanza kuzikata seli vipande vipande, azipange kwa mfululizo apate volti zake.

Nilimkuta chini sakafuni, hesabu imejaa chaki mpaka mlangoni. Ilikuwa hesabu safi. Eneo la kila kipande, ampea zake, safu ngapi zishikane na ngapi zisimame pembeni. Ukizijumlisha, zilizidi mahitaji ya friji.

Nikamuuliza, "Na kingo? Kila ukikata umeongeza kingo. Umezihesabu?"

"Unganisha mwisho na mwanzo, Saidi. Mwalimu alisemaje?"

"Alisema fuwele kubwa."

"Ndogo kwa nani?" Akainua kipande kwa vidole viwili, akakipuliza vumbi. "Humu mna atomi kuliko mchanga wote kutoka hapa mpaka Mtwara. Wewe kwa kuwa unakiona kama biskuti, unafikiri na elektroni inakiona biskuti?"

Jibu lake nimelitafuta miaka mingi mpaka nikalipata. Mfaume alisema kweli. Kwa habari ya mawimbi yaliyo ndani, kipande kile kilikuwa kikubwa kama nchi, na duara la Mwalimu lilitosha. Lakini duara lile ni la kuhesabia mambo ya ndani. Halikuambii ukingo wenyewe unafanya nini. Ukingoni atomi ya mwisho haina jirani wa kushikana naye mkono. Mkono wake umebaki hewani, na elektroni ikipita karibu inanaswa pale na kufia kwa joto, bila kutoa umeme wowote. Tena seli ina tabaka mbili, ya juu na ya chini, na kazi yote iko kwenye kutenganishwa kwake. Kiwandani wanakata kwa mashine za mwanga na kuzitibu kingo. Almasi ya Mzee Akbar inaparura. Pale ilipoparura, tabaka mbili zinagusana kwa njia nyembamba, umeme unavuja kabla haujatoka nje.

Tuliipeleka paneli ile Rondo kukiwa na jua kali. Somoe alitupokea zahanati, tumbo limetangulia, ameshika kiuno. Akaizunguka paneli akiikagua kama mnunuzi wa mbuzi.

"Kaka, hili dude linachemsha na chai?"

"Linapoza. Umesikia wapi friji ikachemsha chai?"

"Mwanaume akitengeneza chombo cha jikoni, lazima niulize," akasema, na Nesi Zainabu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya aproni.

Tukapima, saa ya jua la utosi. Volti zikaja zote. Ampea zikaja karibu sawasawa na chaki ya sakafuni. Mfaume akanigeuzia uso wa mita. Friji ikanguruma, kipimajoto kikashuka mpaka pale kinapotakiwa, na kwa wiki kadhaa za jua kikakaa palepale. Nikajiona mimi ndiye mjinga wa kingo.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi yenu. Ndoo yenye tundu dogo, ukiiweka chini ya bomba linalotoka kwa nguvu, inajaa. Tundu linavuja, ndiyo, ila maji ni mengi, huoni. Bomba likianza kudondosha matone, ndoo ileile haijai mpaka kiama. Kila tone linatokea tunduni. Jua la utosi ni bomba lililofunguliwa. Sisi tulipima ndoo chini ya bomba lililofunguliwa.

Masika yakaingia. Nyinyi wa mjini mvua mnaijua kwa madimbwi. Kule juu Rondo wingu halipiti, linahamia. Linakaa juu ya mikorosho asubuhi, mchana, jioni, na mwanga unaobaki ni kama wa ndani ya chungu. Paneli nzima, hata chini ya wingu la namna ile, hutoa kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoilisha betri. Ile ya Mfaume, kidogo kilichopatikana kiliishia kingoni. Betri ikashuka siku baada ya siku. Nesi Zainabu aliona kipimajoto kinapanda, akapiga simu. Simu haikushika; mnara nao ulikuwa na shida zake. Alipotupata, Mfaume aliondoka na pikipiki papo hapo, mimi nikafuata na betri nzima niliyoifunga nyuma kwa mipira. Nilianguka kwenye matope mara nyingi mpaka nikaacha kujifuta.

Tulifika kijijini mchana. Somoe alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike, mzima, analia. Na damu ya Somoe ilikuwa haikatiki.

Nesi alikuwa ameshamchoma sindano. Akamchoma ya pili. Alikuwa akimkanda tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, akasema bila kutugeukia kwamba dawa ni kama maji, haishiki. Mume wake Somoe alikwisha kwenda kutafuta gari. Likapatikana lori dogo la mbao. Tukatandika godoro nyuma, tukavuta turubai juu. Mfaume akakaa, kichwa cha dada yake kikiwa mapajani mwake, na Nesi akiendelea kukanda njia nzima, gari likiteleza huku na huku. Somoe alikuwa anasema kiu. Baadaye akasema baridi. Hatukuiona njia panda ya Mingoyo tukiwa naye.

Sitasema zaidi ya hapo kuhusu safari ile.

Tulizika kesho yake mvua ikinyesha kaburini. Mfaume hakulia mbele ya watu. Matanga yalipokwisha nilidhani atarudi mjini; akabaki. Siku moja akaniita nikamkuta nyuma ya zahanati. Wilaya ilikuwa imeshaleta paneli mpya, na ile yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kulikuwa na jua siku hiyo. Akaniomba mita.

Mimi nikajua anachotaka, nikajaribu kumzuia. Nikamwambia dawa huenda ilikuja imeshachoka kutoka bohari, nani anajua imekaa njiani muda gani. Nesi Zainabu, aliyekuwa anasikiliza dirishani, akamwambia kwamba ameshaona damu ya namna ile ikimshinda daktari mwenye dawa nzima, na hawezi kuapa kwamba sindano nzuri ingemrudisha Somoe. Alisema kweli, mpaka leo hakuna anayeweza kuapa upande wowote.

"Hilo nitamwachia Mungu," Mfaume akasema. "Mimi nataka kujua la paneli tu."

Akapima juani. Volti zote, ampea zote, kama siku ya kwanza. Kisha akaingia ndani akatoka na kanga, akaitandaza juu ya kioo ili kuiga wingu, akaikunja mara mbili mwanga ukawa hafifu, akapima tena. Pembeni tulikuwa na kipaneli kidogo cha kiwandani, tukakifanyia vilevile. Cha kiwandani kilishuka, kikabaki na uhai. Ya Mfaume ilizimika. Alishika waya za mita muda mrefu, akibonyeza kama mtu anayetafuta mapigo ya mshipa, namba zikicheza karibu na sifuri.

Hapo ndipo upimaji wa kanga ulipozaliwa, vijana. Mimi ndiye ninayeitwa Fundi Kanga, lakini aliyebuni ni yeye, na alibuni akijishitaki.

Alipoondoa waya akaniambia maneno haya, nayaweka kama alivyoyasema: "Wafundishe. Na jina langu usilifiche, maana ukisema 'fundi mmoja', kila mtu atadhani ni fundi mjinga. Sema Mfaume, aliyekushinda hesabu. Ila subiri. Mtoto asisikie barabarani. Asikie kwangu."

Nikamuuliza lini. Akasema atakapoweza kuelewa ukingo ni nini.

Mtoto alimlea yeye mwenyewe, kama desturi inavyotaka na zaidi ya inavyotaka. Hakugusa tena chuma cha kulehemu. Alilima ufuta na mbaazi, akawa mtu wa shamba na mtoto mgongoni. Zuhura ndilo jina lake. Anamwita Mjomba, na sijawahi kumsikia akimwita kwa sauti ya juu. Sasa yuko sekondari, na muhula huu wamefika kwenye mawimbi na fuwele.

Mimi miaka yote hiyo nilifunika paneli kwa kanga mbele yenu na kucheka mlivyocheka. Mlipouliza sababu niliwapa uongo wa kila rangi: mara naizuia isipatwe na hasadi, mara jua la Lindi lina wivu. Mkae mkijua nilikuwa natunza amana.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Mfaume alinitumia ujumbe nipande Rondo. Nikamkuta barazani na Zuhura, ungo wa mbaazi katikati yao, wote wawili wanapukuchua. Nikaitikia shikamoo ya binti, nikakaa. Mfaume alianza mwanzo kabisa, darasani kwa Mwalimu Rukia, akaja kwenye boksi la seli, almasi, chaki, jua la utosi, wingu. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye lori la mbao alichota mbaazi ungoni, akaendelea. Binti alikuwa ameacha kupukuchua tangu kwenye almasi. Kwa uso wake niliona hesabu ameielewa yote, na mimi nikatamani angekuwa mvivu wa masomo kama nilivyokuwa mimi.

Mfaume alipomaliza alimwambia kwamba kama atataka kuhamia kwa baba yake, yeye atamsindikiza, na hatamlaumu.

Zuhura aliyaweka chini maganda yaliyokuwa mkononi mwake, akauliza jambo ambalo mimi na Mfaume, kwa miaka yote tuliyoigeuza habari hii huku na huku, halikuwahi kutupitia.

"Mjomba, mama alijua ni wewe uliyeitengeneza?"

"Alijua," Mfaume akasema. "Alikuwa akiwapitia wajawazito wenzake nyumba kwa nyumba, akiwaambia wasiogope kuja kujifungulia zahanati, kwa kuwa friji ni ya kaka yake."